Kuisoma Panchanga: Mwongozo Kamili wa Kupata Saa Njema kwa Jua la Mahali Ulipo

Panchanga ni kalenda ya jadi ya Wahindu. Haiishii kutaja tarehe, bali hueleza hali ya jua na mwezi kwa kila kipande cha siku, na kutokana na hali hiyo huonyesha saa zinazofaa kuanzia jambo na saa za kuepukwa. Familia ya Ahmedabad huitazama kabla ya kupanga arusi, mfanyabiashara wa Chennai huitazama kabla ya kutia saini mkataba, na Wahindu wa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Kampala, ambao wengi wao asili yao ni Gujarat na Kachchh, wameendelea kuitumia kizazi baada ya kizazi, hasa wanapofungua vitabu vipya vya hesabu wakati wa Diwali.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuielewa Panchanga na kuweza kukokotoa saa zake mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Kuna jambo moja ambalo nitalisisitiza kila hatua, kwa kuwa ndilo linalokosewa kuliko yote: saa njema hupimwa kwa jua la mahali alipo mtu, na saa iliyokokotolewa kwa ajili ya mji mmoja haifai kupelekwa mji mwingine ikiwa vilevile.

Siku huanza na kuisha lini

Siku ya Panchanga huanza jua linapochomoza na huendelea, mchana na usiku wake, hadi jua linapochomoza tena. Msomaji wa Kiswahili anaingia katika somo hili akiwa na faida, kwa sababu saa zetu nazo huhesabiwa tangu asubuhi: tukisema saa tatu asubuhi tunamaanisha kwamba yamepita takriban masaa matatu tangu kuche. Mtu aliyezoea hesabu hiyo hapati taabu kuelewa kwa nini Mhindu husema kwamba sehemu ya pili ya mchana huanza saa moja na nusu.

Hata hivyo ipo tofauti moja ambayo ni lazima izingatiwe. Kwa mapokeo ya Waswahili, siku mpya huingia magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Katika Panchanga, usiku unaofuata mchana wa Alhamisi ni wa Alhamisi hadi alfajiri inapokwisha na jua kutoka. Anayetafuta saa njema ya usiku akasahau jambo hili atafuata orodha ya siku nyingine kabisa, na hesabu yake yote, hata ikiwa sahihi kwa tarakimu, itakuwa imeharibika tangu mwanzo.

Mzunguko huo wa mchana na usiku hugawanywa kwa njia kadhaa. Kuna ghati 60, kila moja ikiwa na dakika 24, na kila ghati ina pala 60 za sekunde 24. Ghati mbili hufanya muhurta moja ya dakika 48, hivyo mzunguko mzima una muhurta 30, kumi na tano za mchana na kumi na tano za usiku. Kisha zipo prahara 8, nne za mchana na nne za usiku, ambazo kila moja ina wastani wa masaa matatu. Zamani ghati ilipimwa kwa bakuli la shaba lenye tundu dogo kitakoni: bakuli liliwekwa juu ya maji, likajaa polepole na kuzama, na lilipozama mlinzi wa saa alipiga kengele bapa ya shaba ili mji upate kujua. Babur, mtawala aliyeiteka Delhi mwaka 1526, aliandika habari za walinzi hao wa saa na jinsi walivyozipiga ghati na prahara mijini.

Inafaa kutofautisha hapa aina mbili za vipimo. Ghati ni kipimo kisichobadilika. Ni dakika 24 wakati wowote wa mwaka. Lakini vipande vinavyotumika kutafutia saa njema hurefuka na kufupika kufuatana na urefu wa mchana wenyewe. Mjini Delhi, mchana wa mwezi wa Juni hukaribia masaa 14, ilhali ule wa Desemba hupungua hadi kama masaa 10 na dakika 20. Sehemu moja ya nane ya mchana wa Juni huko ni dakika 105 hivi, na ya Desemba ni dakika 77 hivi. Dar es Salaam, iliyo karibu na ikweta, ina mabadiliko madogo zaidi, lakini nayo hutoka takriban dakika 88 mwezi wa Juni hadi 94 mwezi wa Desemba. Kwa hiyo yeyote anayekupa jedwali la vipande vya dakika 90 kamili kwa mwaka mzima anakupa makadirio tu.

Viungo vitano vya Panchanga

Kila siku hutambulishwa kwa mambo matano: tithi, vara, nakshatra, yoga na karana. Mengi ya mafundisho haya yalipangwa katika vitabu vya kale vya unajimu wa Kihindi, na kanuni zake za msingi hazijabadilika.

Tithi ndiyo siku ya mwezi, na ndiyo inayohitaji kueleweka vizuri kuliko nyingine zote. Jua na mwezi vinapokuwa mahali pamoja angani, umbali kati yake ni sifuri, na huo ndio mwezi mwandamo. Mwezi huenda kwa kasi kuliko jua, na kila unapolitangulia kwa nyuzi 12 tithi moja huwa imekamilika. Nyuzi 360 zikigawanywa kwa 12 hutoa tithi 30 kwa mwezi mmoja: kumi na tano za nusu angavu, mwezi unapokua hadi kufikia mwezi mpevu uitwao Purnima, na kumi na tano za nusu ya giza, mwezi unapopungua hadi kufikia Amavasya, usiku usio na mwezi. Kwa vile kasi ya mwezi haiko sawa wakati wote, tithi moja inaweza kudumu masaa 20 tu au ikakaribia masaa 27. Inaweza kuanza saa nane mchana au katikati ya usiku, bila kujali saa za binadamu.

Hapo ndipo jua linapoamua. Tithi inayokuwepo wakati jua linachomoza ndiyo inayoipa siku nzima jina lake, hata kama itakwisha nusu saa baadaye. Ikitokea tithi ikaanza baada ya jua kutoka na kwisha kabla ya jua kutoka kesho yake, basi haimiliki siku yoyote, na kalenda huiruka. Ikitokea tithi moja ikakuta mapambazuko mawili, siku mbili mfululizo hupewa jina moja. Msomaji anayeiona Panchanga kwa mara ya kwanza hudhani kuwa mchapaji amekosea; la hasha, hesabu iko sawa.

Vara ni siku ya juma, na haina ugumu: Jumapili ni ya Jua, Jumatatu ya Mwezi, Jumanne ya Mirihi, Jumatano ya Utaridi, Alhamisi ya Mushtari, Ijumaa ya Zuhura na Jumamosi ya Zohali.

Nakshatra ni kituo cha mwezi kati ya vituo 27 vya nyota, kila kimoja kikiwa na nyuzi 13 na theluthi moja. Mwezi hukaa katika kituo kimoja kwa siku moja hivi. Wanaopanga arusi, kumpa mtoto jina au kuhamia nyumba mpya hukitazama kituo hiki kwa makini sana, kwa sababu kila shughuli ina vituo vyake vinavyokubalika. Yoga, ambayo nayo iko ya aina 27, hupatikana kwa kujumlisha nafasi ya jua na ya mwezi angani na kuigawanya jumla hiyo kwa vipande vilevile vya nyuzi 13 na theluthi. Katika matumizi ya kila siku wengi huitazama ili tu kuepuka zile chache zinazohesabiwa kuwa nzito, kama Vyatipata na Vaidhriti.

Karana ni nusu ya tithi, yaani nyuzi 6. Ziko aina 11: saba zinazozunguka mara nane kwa mwezi, na nne zinazotokea mara moja tu, hivyo jumla huwa 60. Katika hizo saba imo Vishti, ijulikanayo zaidi kwa jina la Bhadra, ambayo huepukwa sana. Tarehe 30 Agosti 2023, siku ya Raksha Bandhan, ambapo dada humfunga kaka yake uzi mkononi, Bhadra ilitanda India tangu karibu saa 5:00 asubuhi hadi karibu saa 3:00 usiku, na familia nyingi zikalazimika ama kufunga uzi huo usiku ama kungoja asubuhi yake.

Hatua ya kwanza: pata macheo na machweo ya mji wako

Sasa tuingie katika hesabu. Tafuta saa ya jua kutoka na saa ya jua kuzama kwa mji wako na kwa tarehe unayoitaka, si kwa mji mkuu wa nchi ikiwa unaishi mbali nao. India yote hutumia saa moja ya kitaifa, lakini jua huchomoza Arunachal Pradesh karibu masaa mawili kabla ya kuonekana magharibi mwa Gujarat. Vivyo hivyo, jua huwahi kuchomoza Mombasa kuliko Kisumu, ingawa saa za ukutani za miji hiyo miwili zinasoma sawasawa.

Baadhi ya Panchanga huhesabu macheo tangu ukingo wa juu wa jua unapoonekana, na nyingine hungoja katikati ya duara la jua ifike kwenye upeo wa macho. Tofauti yake ni dakika chache. Chagua njia moja na uifuate daima.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: Alhamisi ya katikati ya Juni mjini Dar es Salaam, jua likitoka saa 12:30 asubuhi na kuzama saa 12:14 jioni. Mchana huo una masaa 11 na dakika 44, yaani dakika 704.

Hatua ya pili: gawanya mchana kwa nane na uondoe sehemu nzito

Gawanya 704 kwa 8, utapata dakika 88 kamili. Hizo ndizo sehemu nane za mchana. Ziandike zote: ya kwanza saa 12:30 hadi 1:58 asubuhi, ya pili hadi 3:26, ya tatu hadi 4:54, ya nne hadi 6:22 mchana, ya tano hadi 7:50, ya sita hadi 9:18 alasiri, ya saba hadi 10:46, na ya nane hadi 12:14 jioni. Uhakiki wake ni mwepesi: sehemu ya nne ni lazima iishie katikati kabisa ya mchana, na ya nane iishie jua linapozama. Visipolingana, umekosea kugawanya.

Katika sehemu hizo imo Rahukala, kipindi cha Rahu, ambacho watu wa India ya Kusini hukiepuka kuliko kipindi kingine chochote cha siku. Rahu ni mojawapo ya sehemu mbili ambapo njia ya mwezi hukata njia ya jua angani, mahali ambapo kupatwa kwa jua na mwezi huweza kutokea. Katika masimulizi ni kichwa cha jitu lililokatwa na mungu Vishnu kwa kuiba kinywaji cha uzima, na ambalo tangu hapo hulimeza jua na mwezi kwa kisasi. Jumatatu Rahukala huwa sehemu ya pili, Jumamosi ya tatu, Ijumaa ya nne, Jumatano ya tano, Alhamisi ya sita, Jumanne ya saba, na Jumapili ya nane. Sehemu ya kwanza ya mchana haina Rahukala siku yoyote. Atakayeukariri mfuatano huo wa siku kuanzia namba mbili hatahitaji jedwali tena.

Kwa Alhamisi yetu, basi, Rahukala ni saa 7:50 mchana hadi saa 9:18 alasiri. Jedwali la kudumu linalochukulia kwamba jua hutoka saa 12:00 kamili lingekuambia ni saa 7:30 hadi 9:00. Mtu anayelifuata angejinyima bure dakika 20 za mwanzo, kisha akafungua duka lake saa 9:05 akiamini kwamba amevuka, na kumbe bado yumo ndani kwa dakika 13. Kwa anayeamini jambo hili, hiyo si tofauti ya kupuuzwa.

Rahukala huzuia kuanza, wala haizuii kuendelea. Safari uliyokwisha kuianza, kazi ya ofisini, mapishi na masomo huendelea kama kawaida. Wala si kipindi cha kuogopa ibada: huko Tamil Nadu wanawake wengi huenda hekaluni wakati wa Rahukala ya Jumanne na kumwashia mungu wa kike Durga taa ndogo zilizotengenezwa kwa maganda ya limau. Kuhusu dharura, kama vile mgonjwa anayepaswa kufikishwa hospitalini, msimamo wangu ni kwamba hakuna nafasi ya kutazama Panchanga hapo. Muhurta, kwa maana ya saa njema, hutafutwa kwa jambo ambalo mtu ana hiari ya kulianza sasa au baadaye.

Kuna vipindi vingine viwili vya aina hiyo. Yamaganda huwa sehemu ya kwanza siku ya Alhamisi, ya pili Jumatano, ya tatu Jumanne, ya nne Jumatatu, ya tano Jumapili, ya sita Jumamosi na ya saba Ijumaa. Gulika huwa ya kwanza Jumamosi, ya pili Ijumaa, ya tatu Alhamisi, ya nne Jumatano, ya tano Jumanne, ya sita Jumatatu na ya saba Jumapili. Gulika inahukumiwa kwa namna ya pekee: inaaminika kwamba jambo lililofanywa ndani yake hujirudia, kwa hiyo wapo wanaonunua dhahabu kwa makusudi wakati huo, lakini hawazikani wala hawakopi. Katika mfano wetu, Yamaganda ni saa 12:30 hadi 1:58 asubuhi, na Gulika ni saa 3:26 hadi 4:54.

Hatua ya tatu: zipe sehemu hizo nane majina ya choghadiya

Watu wa Gujarat na Rajasthan, na kwa hiyo familia nyingi za Kihindu za Afrika Mashariki, hutegemea zaidi choghadiya. Sehemu ni zilezile nane, ila kila moja hupewa jina na sayari yake. Mfuatano wa mchana ni Udvega ya Jua, Chala ya Zuhura, Labha ya Utaridi, Amrita ya Mwezi, Kala ya Zohali, Shubha ya Mushtari na Roga ya Mirihi, kisha huanza upya. Sehemu ya kwanza ya mchana huchukua choghadiya ya sayari ya siku hiyo: Jumapili huanza na Udvega, Jumatatu na Amrita, Jumanne na Roga, Jumatano na Labha, Alhamisi na Shubha, Ijumaa na Chala, Jumamosi na Kala. Sehemu ya nane hurudia jina la ya kwanza.

Amrita, Shubha na Labha ni njema, na Labha hupendwa na wafanyabiashara kwa kuwa ni ya faida. Chala ni ya wastani na hufaa kwa safari. Udvega, Roga na Kala huepukwa, ingawa Udvega hukubaliwa kwa shughuli za serikali.

Alhamisi yetu ya Dar es Salaam inakuwa hivi: Shubha hadi saa 1:58, Roga hadi 3:26, Udvega hadi 4:54, Chala hadi 6:22, Labha hadi 7:50, Amrita hadi 9:18, Kala hadi 10:46, na Shubha ya pili hadi 12:14 jioni.

Sasa tazama sehemu ya sita. Kwa choghadiya ni Amrita, iliyo bora kuliko zote, na kwa hesabu ya Kusini ni Rahukala, iliyo mbaya kuliko zote. Ukizipitia siku zote saba utaona kwamba mgongano wa namna hii hutokea siku mbili tu, Alhamisi, na Jumanne ambapo Rahukala huangukia Shubha; siku tano zilizobaki, Rahukala huangukia Udvega, Kala au Roga, na mapokeo yote mawili yanakubaliana. Mgujarati aliyelelewa katika choghadiya mara nyingi ataitumia Amrita ya Alhamisi bila wasiwasi, na Mtamil hataigusa. Ushauri wangu kwa familia iliyochanganyika, au kwa yeyote asiyetaka kumwudhi mkwe, ni kuiacha sehemu hiyo na kuchukua nyingine, kwa sababu siku haikosi nafasi safi.

Usiku nao hugawanywa kwa nane tangu machweo hadi macheo, lakini mfuatano wake ni tofauti: Shubha, Amrita, Chala, Roga, Kala, Labha, Udvega, kisha kurudi Shubha. Usiku wa Jumapili huanza na Shubha, wa Jumatatu na Chala, wa Jumanne na Kala, wa Jumatano na Udvega, wa Alhamisi na Amrita, wa Ijumaa na Roga, na wa Jumamosi na Labha. Kumbuka kwamba hapa usiku wa Alhamisi ni ule unaoingia Alhamisi magharibi. Katika mfano wetu usiku una dakika 736, kila sehemu ina dakika 92, na Amrita ya kwanza ni saa 12:14 jioni hadi saa 1:46 usiku.

Hatua ya nne: tafuta Abhijiti na Brahma muhurta

Gawanya mchana kwa 15 badala ya 8, nawe utapata muhurta za mchana. Kwetu ni karibu dakika 47 kila moja. Ile ya nane, iliyo katikati kabisa, ndiyo Abhijiti, ambayo inaaminika kufuta kasoro nyingi za siku na kumwokoa mtu aliyekosa muhurta nyingine. Njia fupi ni kutafuta katikati ya mchana, ambayo kwetu ni saa 6:22, kisha kuhesabu nusu ya muhurta nyuma na nusu mbele: Abhijiti ni saa 5:58 hadi 6:45 mchana. Usiichukulie kuwa ni saa 6:00 kamili ya ukutani, kwa maana katikati ya mchana wa Dar es Salaam huwa baada ya saa hiyo. Siku ya Jumatano Abhijiti haitumiki, na hesabu tuliyoifanya inaonyesha kwamba siku hiyo Rahukala huanza katikati ya mchana na kuifunika nusu yake ya pili.

Brahma muhurta ni ya watu wa sala, kutafakari na kusoma. Ni muhurta ya kumi na nne kati ya kumi na tano za usiku, ndiyo kusema muhurta moja kamili hubaki kati yake na macheo. Usiku wetu wa dakika 736 unatoa muhurta za dakika 49, hivyo Brahma muhurta ni takriban saa 10:52 hadi 11:41 alfajiri.

Wengine huongeza hora, saa za sayari, kwa kugawanya mchana kwa 12 na usiku kwa 12. Hora ya kwanza ni ya sayari ya siku, na zinazofuata hufuata mfuatano uleule wa choghadiya za mchana. Masaa 24 yakigawanywa kwa sayari saba hubaki matatu, kwa hiyo mapambazuko yanayofuata huangukia sayari ya nne katika mfuatano: baada ya Jua huja Mwezi, baada ya Mwezi huja Mirihi, na hivyo ndivyo siku za juma zilivyopangika. Msomaji aliyewahi kukaa na walimu wa falaki wa pwani yetu atazitambua saa hizo mara moja, kwani mfuatano wao wa sayari ni huuhuu.

Hatua ya tano: hamisha saa za tithi kwa usahihi

Sehemu za mchana hukokotolewa upya kila mji, lakini tithi, nakshatra, yoga na karana huisha kwa wakati mmoja duniani kote, kwa kuwa ni hali ya anga. Kinachobadilika ni jinsi saa yako inavyousoma wakati huo. Panchanga iliyochapishwa India hutumia saa ya India, iliyo mbele ya Afrika Mashariki kwa masaa mawili na nusu. Ondoa masaa hayo, kisha ulinganishe na macheo ya kwako.

Chukua Ekadashi, tithi ya kumi na moja, ambayo Wahindu wengi hufunga. Tuseme Panchanga ya Ahmedabad inaonyesha kwamba Ekadashi itakwisha saa 1:10 asubuhi, na jua huko linatoka saa 12:45. Jua limeikuta Ekadashi, hivyo siku hiyo ni ya Ekadashi. Dar es Salaam tithi hiyo inakwisha saa 10:40 alfajiri, kabla ya jua kutoka, na macheo yanaikuta tithi ya kumi na mbili. Mfungo wa Dar es Salaam unaweza kuwa umetangulia kwa siku moja, ingawa ndugu wanaosali sala zilezile wako Ahmedabad. Wavaishnava, yaani wafuasi wa Vishnu, huongeza sharti kwamba tithi ya kumi isiwe imeingia ndani ya dakika 96 kabla ya jua kutoka, na hapo tarehe huweza kusogea tena. Mfungo hufunguliwa kesho yake baada ya jua kutoka, robo ya kwanza ya tithi ya kumi na mbili ikiwa imekwisha.

Si kila sikukuu hutazama macheo. Rama Navami na Ganesh Chaturthi hutaka tithi yake iwepo katikati ya mchana. Krishna Janmashtami na Maha Shivaratri hutaka iwepo katikati ya usiku. Ibada ya Diwali ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, hutaka Amavasya iwepo jioni baada ya jua kuzama, na jioni hiyo ndipo wafanyabiashara huweka vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi na Ganesha katika choghadiya njema. Soko la hisa la Mumbai limekuwa na mauzo ya muda mfupi ya Diwali katika saa njema iliyoteuliwa tangu mwaka 1957.

Endapo Panchanga mbili zinapingana juu ya nakshatra lakini zinakubaliana juu ya tithi, chanzo mara nyingi ni mahali zinapoanzia kuhesabu duara la nyota. Kamati ya kurekebisha kalenda iliyoundwa na serikali ya India mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, baada ya kuchunguza kalenda takriban 30 zilizokuwa zikitumika nchini humo, iliweka kipimo kimoja, na kalenda ya taifa ikaanza kutumika tarehe 22 Machi 1957. Kipimo hicho, kijulikanacho kwa jina la Lahiri, ndicho ninachopendekeza kwa anayeanza. Tithi haiathiriki kwa sababu yenyewe ni tofauti kati ya jua na mwezi, popote unapoanzia kuhesabu.

Hatua ya sita: weka pamoja na uchague

Rudi kwenye karatasi ya Alhamisi yetu na ufute kwa mpangilio huu. Kwanza ondoa Rahukala na Yamaganda, kisha Roga, Udvega na Kala. Yanabaki Chala ya saa 4:54 hadi 6:22, Labha ya saa 6:22 hadi 7:50, na Shubha ya mwisho ya saa 10:46 hadi 12:14 jioni. Shubha ya asubuhi imemezwa na Yamaganda, na Amrita imemezwa na Rahukala. Kwa safari, Chala inatosha. Kwa kufungua duka au kutia saini, saa 6:22 hadi 6:45 mchana ndiyo nafasi bora ya siku nzima, kwa kuwa Labha na nusu ya pili ya Abhijiti zimekutana hapo. Mwisho kabisa, hakikisha kwamba Bhadra haikuangukia muda huo baada ya kuondoa masaa mawili na nusu, na kwa arusi au nyumba mpya umpelekee karatasi hiyo kuhani wa hekalu ili aipime na nakshatra za wahusika kabla ya mialiko kuchapishwa.